Mwaka wa Bahari na Mwaka wa Shamba: Majira katika Utunzi wa Pwani ya Malindi na Nyika ya Adu

Utangulizi

Miongoni mwa kauli zilizozoeleka katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili ni ile isemayo kwamba ushairi huu hauna utungo wa maumbile. Inasemwa kwamba malenga wa pwani ameimba dini, mapenzi, vita, mawaidha na siasa, lakini hakuyatazama maumbile kwa ajili ya maumbile yenyewe. Bahari, mnazi na upepo vikitokea katika beti zake, huwa ni vyombo tu vya kubebea jambo jingine, na msomaji anatakiwa avipasue kama nazi ili aifikie nyama iliyomo ndani.

Kauli hii ina historia yake. Wahakiki wengi wa kizazi cha kwanza cha vyuo vikuu vya Afrika Mashariki walifundwa katika ushairi wa Kiingereza, na hasa katika mapokeo ya Wordsworth, ambamo mtu mmoja husimama mbele ya maua au mlima na kusimulia yanayompata moyoni. Mwezi wa Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong walipopendekeza Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ifutwe, waliuliza ni fasihi ipi iwekwe katikati. Fasihi iliyokuwa katikati ilibadilika. Kipimo hakikubadilika upesi hivyo. Mhakiki aliendelea kumtafuta malenga aliyesimama peke yake akitazama, na alipomkosa akahitimisha kwamba maumbile hayamo.

Makala haya yanashikilia kwamba maumbile yamo, tena kwa wingi, ila hayakuingia kwa mlango wa mandhari. Yaliingia kwa mlango wa hesabu: hesabu ya siku za kusafiri na siku za kupanda. Mfano unaochukuliwa hapa ni pwani ya Malindi pamoja na nyika iliyo nyuma yake, kaskazini mwa Mto Sabaki, hadi Adu katika eneo la Magarini. Adu imechaguliwa kwa sababu haina bandari wala ukumbi wa washairi wenye miswada, na mhakiki wa ushairi wa Kiswahili hana desturi ya kufika huko. Inadaiwa kwamba kutofika huko kumemfanya aisome vibaya hata pwani yenyewe.

Maneno Matatu

Lugha inatoa ushahidi wa kwanza. Mswahili anapotaka kutaja kipindi cha mwaka ana maneno matatu yaliyo karibu: majira, msimu na mwaka. Neno majira limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kwenda mbio au kutiririka, na mabaharia wamelitumia kwa maana ya njia ya chombo baharini. Nahodha hushika majira kabla mkulima hajasubiri majira. Msimu nalo limetokana na neno la Kiarabu lililowapa Wareno, na baadaye Waingereza, jina la pepo za Bahari ya Hindi. Maneno haya mawili, basi, yametoka majini.

Neno la tatu ni la Kibantu, na limetoka shambani. Katika pwani ya Kenya mvua kubwa, ambazo kwingineko huitwa masika, huitwa mvua za mwaka. Mtu akiuliza kama mwaka umeingia, haulizi tarehe. Anauliza kama ardhi imelowa. Kwa msemaji huyo mwaka ni mvua kwanza, na jumla ya miezi kumi na miwili baadaye.

Juu ya maneno haya pwani ilijenga kalenda. Mwezi wa Kiislamu hufuata mwandamo, na kwa hiyo mwaka wake hupungua kwa siku kumi au kumi na moja ukilinganishwa na mwaka wa jua. Ramadhani huzunguka majira yote. Kalenda hiyo inatosha kwa ibada, lakini haimsaidii nahodha wala mkulima. Ndiyo maana Waswahili walidumisha pia mwaka wa jua wa siku 365 ulioanzia Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, ukihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Miongo 36 ikitimia, hubaki siku tano zinazoitwa gatha. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, Unguja, ndiyo mabaki mashuhuri zaidi ya hesabu hiyo.

Jambo hili lina matokeo katika usomaji wa miswada. Tenzi nyingi za zamani, zinapotiwa tarehe, hutiwa ya hijria. Tarehe hiyo humwonyesha mtafiti mwaka lakini haimwonyeshi hali ya hewa, hata mwezi ukitajwa, mpaka apige hesabu. Msomaji wa zamani hakuhitaji hesabu hiyo, kwani majira alikuwa nayo mwilini. Mtunzi akisema pepo zimegeuka, msomaji wake alijua kama vyombo vinaingia au vinatoka, na kama nyumbani kuna chakula au hakuna. Mhakiki wa leo huona neno upepo na kuandika pembeni: ishara ya mabadiliko. Pengine ni ishara. Kabla ya hapo ilikuwa ni taarifa.

(Inafaa kuonya hapa dhidi ya hoja moja inayovutia kupita kiasi. Aina za tungo katika arudhi ya Kiswahili huitwa bahari, na wako wanaopenda kulihusisha jina hilo na maisha ya wavuvi na mabaharia. Jina hilo ni urithi wa elimu ya arudhi ya Waarabu, ambayo hupewa asili yake kwa al-Khalil bin Ahmad wa Basra katika karne ya 8. Pwani ya Afrika Mashariki ililipokea jina pamoja na elimu yenyewe.)

Upepo Mmoja, Thamani Mbili

Kaskazi huvuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, ukileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba au zaidi, ukivirudisha. Katikati hupita kipindi cha maleleji au tanga mbili, ambapo upepo haujaamua. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiongozwa na rubani aliyepewa hapo, na akafika Calicut kwa muda usiotimia mwezi. Alipotaka kurudi hakungoja kaskazi ishike. Alitweka Oktoba, na safari ileile ikamchukua karibu miezi mitatu, watu wake wengi wakafa njiani, hadi alipotia nanga Malindi tena tarehe 7 Januari 1499. Watu wa Malindi hawakuhitaji kufunzwa maana ya tukio hilo.

Siasa nayo ilikwenda kwa upepo. Seyyid Said bin Sultan alipoijia Mombasa mara ya kwanza na merikebu zake, Januari 1828, alikuja na kaskazi. Mashairi ya Muyaka bin Haji (takriban 1776 hadi 1840) yanayohusu ugomvi wa Mombasa na Wabusaidi hayana budi kusomwa hivyo: kwa mji wa Muyaka, msimu wa biashara na msimu wa hatari ya kuvamiwa ulikuwa ni mmoja. Vilevile vita vya Kuduhu huko Shela, mnamo 1812 au 1813, ambavyo mashairi yake yalihaririwa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika kitabu cha 1995, husimuliwa kwa kutaja maji kupwa: washambulizi walikimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekaa juu ya mchanga. Katika masimulizi hayo maji ni mhusika mwenye kauli katika matokeo ya vita.

Mpaka hapo kaskazi ni upepo wa majilio. Huleta tende, vyombo vya kaure, jamaa na habari. Bahari hutulia na mvuvi huweza kutoka nje ya mwamba. Kusi ndio upepo wa kufunga mlango: mawimbi makubwa, bandari tupu, kipupwe na wasafiri waliokwenda. Wahakiki wengi huishia hapo, na kutokana na mpangilio huo huandika kwamba katika ushairi wa Kiswahili kaskazi ni heri na kusi ni huzuni.

Mtu wa Adu hushangaa akiambiwa hivyo. Tanga halioni, lakini upepo ni uleule. Kaskazi kwake ni wakati wa vumbi: majani yamekauka, mabwawa yamebaki tope lililopasuka, na wanawake wanatembea mbali zaidi kutafuta maji. Mvua za mwaka huja kaskazi inapokwisha na kusi inapoanza kushika. Kwa hiyo upepo unaomfungia mvuvi mlango ndio unaomfungulia mkulima. Mvua nyingi hunyesha karibu na ufuo na hupungua kadiri mtu anavyokwenda bara, hivi kwamba mkulima wa Adu hupata masalio ya kile ambacho Malindi imekwisha kukipata. Tofauti ya mwaka mwema na mwaka mbaya huwa ni mvua chache tu.

Ikiwa upepo mmoja una thamani mbili zinazopingana katika masafa yanayoweza kutembewa kwa miguu, basi haiwezekani kuuandikia maana moja katika orodha ya ishara. Ni lazima kwanza kuuliza msemaji amesimama wapi. Swali hilo ni la kihistoria pia, kwa kuwa pande hizi mbili hazikuwahi kuwa mbali. Malindi ilipofufuliwa chini ya Usultani wa Zanzibar kuanzia miaka ya 1860, ilistawi kwa mtama na ufuta uliolimwa na watumwa. Nafaka hiyo ilisafirishwa kwa vyombo vilivyofuata misimu. Hesabu mbili zilikutana gatini: mavuno yalipaswa kuwa tayari kabla upepo haujageuka. Watumwa waliolima hawakuacha miswada, na walioandika hawakushika jembe. Baadhi ya watumwa walitoroka na kuanzisha vijiji nyikani, na mwishoni mwa karne ya 19 Wagiriama walivuka Sabaki kwenda kaskazini kutafuta ardhi. Nafaka yao nayo ilishuka hadi Malindi na Mambrui. Mto wenyewe huleta ushahidi kila unapofurika: maji ya bahari karibu na miji hiyo hugeuka mekundu kwa udongo wa bara.

Kalamu Moja, Makabati Mawili

Utengano wa pande hizi katika uhakiki una tarehe, na inawezekana kuionyesha. Mwaka 1891 mmisionari William Ernest Taylor alichapisha London vitabu viwili. Kimoja kilikuwa mkusanyo wa methali na misemo ya Waswahili. Cha pili kilikuwa msamiati wa Kigiriama pamoja na makusanyo ya lugha hiyo. Taylor huyohuyo, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ndiye aliyehifadhi sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka, ambayo William Hichens aliyatoa kitabuni mwaka 1940 na ambayo Mohamed Hassan Abdulaziz aliyachambua upya mwaka 1979.

Mkusanyaji alikuwa mmoja, na aliwasikiliza watu waliouziana nafaka na samaki. Makusanyo yake hata hivyo yaliingia katika makabati mawili. Yaliyokuwa ya Kiswahili yakawa fasihi. Yaliyokuwa ya Kigiriama yakawa data ya isimu na, baadaye, ya elimu ya makabila. Baada ya hapo kila kabati lilipata wataalamu wake. Lyndon Harries mwaka 1962 na Jan Knappert mwaka 1979 waliusoma ushairi wa Kiswahili kwa kutazama zaidi miswada na athari za Uislamu. Wanahistoria na wanaanthropolojia ndio waliokwenda nyikani. Bahari ikawa mali ya ushairi, na mvua ikawa mali ya matambiko.

Gharama ya mgawanyo huu inaonekana katika ngoma. Kayamba, ala inayotajwa kila inapozungumziwa muziki wa Mijikenda, hutengenezwa kwa matete yaliyopangwa na kufungwa, na ndani yake hutiwa mbegu. Sauti yake ni ya kitu kikavu kinachomiminika, na mtu aliyewahi kukaa chini ya paa la makuti mvua ikianza hahitaji kuelezwa inafanana na nini. Wazee wa kaya waliongoza maombi ya mvua katika misitu ambayo mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Katika nyimbo za maombi, maumbile ni msikilizaji anayeambiwa jambo na anayetarajiwa kujibu; mwimbaji hakusimama kando kuyatazama. Kipimo cha Wordsworth hakina nafasi ya wimbo wa namna hiyo, na bahati mbaya kipimo cha arudhi hakina pia.

Historia ya mapambano nayo imo humo. Mekatilili wa Menza alipowahamasisha Wagiriama mwaka 1913, husimuliwa kwamba alikusanya watu kwa kucheza kifudu kutoka mahali hadi mahali. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo na kuwalazimisha Wagiriama kuhama kaskazini mwa Sabaki, yaani kuyaacha mashamba yaliyokuwa yakiwalisha. Cynthia Brantley ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha 1981. Wahakiki wa fasihi wangeweza kuongeza jambo moja: aliyetolewa shambani mwake hupoteza pia hesabu ya majira aliyoijenga juu ya udongo ule, kwa sababu hesabu hiyo haihamishiki kama chungu. Kila kilima na kila bonde lina mvua yake.

Mkoma wa Liyongo

Mhakiki akiijua nyika, hata maandishi anayodhani kuwa ameyamaliza hufunguka upya. Mfano mzuri ni Utendi wa Liyongo wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913. Katika kisa hicho wawindaji wa nyikani, Wasanye na Wadahalo, wanatumwa kumuua Liyongo. Wanaandaa kikoa cha kula makoma: kila mmoja apande mkoma kwa zamu awaangushie wenzake. Njama ni kumpiga mishale Liyongo zamu yake ikifika, akiwa juu. Liyongo hapandi. Anachukua upinde na kuyaangusha matunda kwa mishale.

Tukio hili husomwa kama sifa ya ushujaa na werevu, na usomaji huo si kosa. Lakini uzito wake umo katika mti wenyewe. Mkoma huota penye maji ya chini ya ardhi, kandokando ya mito na katika mbuga za nyuma ya pwani. Shina lake ni refu, na mtu aliyelipanda mikono yake yote miwili imeshikwa. Matunda yake ni magumu, yenye nyama chache juu ya kokwa, na huliwa hata kunapokuwa na ukame. Kikoa cha makoma si karamu ya mji. Ni chakula cha watu wa nyika, na mwungwana anayekikubali amekubali kula kwa desturi yao. Wawindaji wanamtega kwa elimu ya mti wao, naye anajinasua kwa elimu hiyohiyo na kwa silaha yao, upinde. Kwa maneno mengine, shujaa mkuu wa fasihi ya Waswahili anaokolewa na ujuzi wa bara. Msomaji anayedhani mkoma ni mti wowote tu hulipoteza jambo hilo, na hupoteza pamoja nalo uhusiano wa mji na nyika ambao utendi umeuchora kwa uangalifu.

Inkishafi, kwa upande mwingine, ni kazi ya mji. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate na kuona wadudu wakivuma kumbini na makinda ya ndege yamelala katika madaka yaliyokuwa ya vyombo vya kaure. Hapa maumbile ni yale yanayoingia mtu anapotoka. Anayetembea Gedi, mji uliohamwa katika karne ya 17 na kuchimbuliwa na James Kirkman kuanzia 1948, huiona picha hiyo imetimia kwa mizizi ya miti juu ya kuta za mawe. Kwa mtunzi wa mjini msitu unaorudi ni maangamizi. Kwa mzee wa kaya msitu uliosimama ni dalili kwamba watu bado wapo. Tofauti hii ni kubwa kuliko ile ya dini, ambayo imezoeleka kutajwa, na inastahili uchunguzi wake peke yake.

Mvua Isiyokuja

Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Australia, iliendesha mradi wa makazi wa Magarini. Vichaka vilifyekwa na familia zikagawiwa mashamba kwa ramani. Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson walioandika juu ya mradi huo mwaka 1991 walionyesha jinsi ulivyoshindwa, na mvua isiyotabirika ilikuwa miongoni mwa sababu. Wataalamu walikuwa na wastani wa mvua. Wastani ni namba ambayo haijawahi kunyesha juu ya shamba la mtu yeyote.

Hali imezidi kuwa ngumu tangu hapo. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 sehemu kubwa ya maeneo makavu ya Kenya ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba, Kilifi ikiwamo, kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko ya El Niño. Methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu ilitungwa katika ulimwengu ambamo mawingu yalitimiza ahadi. Inapotumiwa leo katika nyika, aghalabu huwa ina kejeli ambayo kamusi za methali haziionyeshi.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliipa fasihi simulizi nafasi katika Kiswahili, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini nyimbo ziliingizwa kwa aina: za ndoa, za jando, za kazi. Mwanafunzi hupewa wimbo wa kulima chini ya kichwa cha nyimbo za kazi, akaeleza kwamba umuhimu wake ni kuchapusha kazi na kuondoa uchovu, akapata alama zake. Haulizwi kama wimbo ni wa palizi la kwanza au la pili. Mkulima wa Adu anapopalilia mara ya kwanza, mahindi yakiwa yamefika gotini, bado hajui kama mvua itadumu. Anapopalilia mara ya pili, amekwisha kujua.